Mshipa wa Wakiuru

Nanyuki,
14 Januari 2024

Kwa Tata Waithira, mama yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, na natumaini ile miguu imepunguza kuvimba tangu tuachane Krismasi. Mimi niko mzima, ila upepo wa Nanyuki ndio umetuweza. Vumbi linaingia hadi kwa sufuria. Kazi ni ile ile: akina mama wajawazito toka asubuhi mpaka jioni, kila mmoja anataka nimwambie ni msichana au ni mvulana, na mimi nawajibu mtoto amegeuka mgongo. Barua hii inaletwa na Theuri wa lori la kabeji. Najua simu yako inalala kabatini, na hata ikilia husikii.

Sasa, Tata, nije kwa lililonikalisha chini. Ni Wakiuru.

Najua Mjomba Mwai na Tabby walikuachia mtoto kwa sababu malaria ya Wang'uru ilikuwa inammaliza, na hakuna mtu angemlea kukushinda wewe. Sisemi humtunzi. Lakini ile siku baada ya Krismasi, wakati nyama ya mbuzi ilikuwa imeliwa na watu wamelala wameshiba, nilimtazama sana. Alishindwa kufunga vifungo vya sweta. Aliniuliza ndama yuko wapi, nikamjibu, akaniuliza tena, na tena. Halafu akalala pale kwa kiti, mchana peupe, macho yako nusu wazi. Nyinyi wote mlicheka mkasema, "Wakiuru amefika." Mimi sikucheka.

Nilimwambia anyooshe mikono mbele, viganja juu kama mtu anasimamisha gari. Vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka. Tata, chuoni tulifundishwa hiyo ni dalili ya ini ambalo halisafishi damu. Tunaiona kwa wazee waliokunywa pombe maisha yao yote. Mtoto wa miaka minane ameitoa wapi?

Naomba umlete nimpime kwa altrasaundi. Haumi, hadungwi sindano. Ni mafuta ya baridi tumboni na kile kichwa cha mashine ninachokipitisha juu, basi.

Msalimie sana. Mwambie dada yake wa Nanyuki anampenda.

Ni mimi,
Kagure


Ragati, Karatina,
2 Februari 2024

Kwa Kagure, mtoto wa marehemu dada yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa dume, bahati mbaya. Mwai alituletea gunia la mchele wa Mwea, ule mzuri, nikakuwekea wako kwenye debe. Padri mpya ni kijana na nasikia, yaani naambiwa, anahubiri kwa kunong'ona, kwa hiyo sasa kanisa zima limekuwa viziwi pamoja nami. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kabeji.

Nimesoma mambo yako ya mikono na ini. Wewe ni msomi na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tu, lakini kuna kitu nikueleze kwa sababu mama yako hakuishi akakueleza.

Mtoto huyu ni binti wa kwanza wa Mwai, akapewa jina la mama yetu, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mimi simwiti Wakiuru. Namwita mama. Hukushangaa watoto wengine wakiitwa hivyo ukiwa mdogo, usishangae leo. Na mama yetu alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mkali, wa jembe na kuni, asiye na maneno. Lakini baada ya sherehe, baada ya watu kula, alikuwa anatulia. Mikono ilimtetemeka hata tukamnyang'anya kikombe cha chai. Alikuwa akikaa mlangoni, macho mbali, anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Kesho yake au kesho kutwa anaamka, anachukua jembe, anatugombeza.

Mtoto akija na jina la mtu, huja na mwendo wa mtu huyo. Si ugonjwa huo. Namchemshia supu ya mifupa kila wiki ili apate nguvu, na ninampa maini ninapoyapata. Unataka nifanye nini kingine?

Hata hivyo mwalimu wake amelalamika kwamba analala darasani. Mwai atamleta kwako shule zikifungwa katikati ya muhula. Nisije nikaambiwa nilikataa.

Na tafadhali, unaposhika kalamu, andika Kiswahili. "Yako nusu wazi" ni lugha ya stendi.

Tata yako,
Waithira


Nanyuki,
3 Machi 2024

Tata yangu,

Pole na jua, nasikia huko pia limechoma viazi. Mjomba Mwai atakuwa amekurudishia mtoto kabla barua hii haijafika. Alikuwa amechoka, Mjomba, na mchele hauuziki, lakini alicheka kidogo Wakiuru alipokataa kuvua kofia kliniki.

Nakuandikia pole pole ili nisikose neno.

Nilimwambia Mjomba amlete bila kula asubuhi, akafanya hivyo. Sikujua kwamba jioni iliyotangulia walipitia nyama choma. Kwa hiyo nilimpata akiwa vile alivyokuwa Krismasi, amelegea, kope zinaanguka. Nikamlaza. Nikazima taa jinsi tunavyofanya, ili picha ionekane vizuri.

Tata, damu yote inayotoka matumboni, imebeba chakula, inatakiwa iingie ndani ya ini kwanza, isafishwe, ndipo iende moyoni. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake kuna mshipa unaoruka ini, kwa sababu mama ndiye anayemsafishia. Akishazaliwa mshipa ule hujifunga wenyewe siku za kwanza na kukauka. Wa Wakiuru haukujifunga. Nimeuona kwa macho yangu, mpana kama kidole changu cha mwisho, unatoka kwa mshipa wa ini unaenda moja kwa moja hadi kwa ule mkubwa unaopanda moyoni. Ile mishipa ya ndani ya ini, ambayo ingekuwa minene, niliitafuta kwa shida. Ni nyuzi tu. Nikaweka rangi, ambayo hutuonyesha damu inaelekea wapi. Inaruka ini, karibu yote.

Dokta Fardowsa, anayetusomea picha siku za Alhamisi, nilimpigia akaja ingawa haikuwa siku yake. Alichukua mashine mwenyewe. Akasema ni kweli, amezaliwa nao. Alisema pia kwamba kuna familia chache ambamo hurudi kwa mtu zaidi ya mmoja. Damu tulipeleka Nyeri, na ile sumu inayotokana na nyama tumboni, wanaiita amonia, iko juu sana. Inaenda kichwani. Hayo ndiyo macho ya mbali, Tata. Hiyo ndiyo mikono.

Unaweza kuzibwa. Nairobi kuna madaktari wanaopitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi pale, wakauziba bila kumpasua. Lakini mpaka siku hiyo, nakuomba kwa magoti: asile nyama. Asinywe supu. Asile maini wala mayai. Mpe wali, ndizi, viazi, mboga, maziwa kidogo. Dawa ile tamu ya chupa niliyompa Mjomba asikose hata siku moja, inamtoa sumu kwa choo. Tukipuuza, akili yake itaharibika, na kuna siku atalala asiamke. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Neno moja zaidi. Nilipokuwa nampima alishika mkono wangu. Macho yalikuwa yamefungwa. Akasema kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa, "Usimwambie Gatune." Nikamuuliza Gatune ni nani, akawa ameshalala. Mjomba hajui. Nimefanya kazi kwa chumba hicho miaka mingi na sijawahi kuwasha taa katikati ya kipimo. Siku hiyo niliwasha.

Gatune ni nani, Tata?

Wako,
Kagure


Ragati,
30 Machi 2024

Kwa Kagure,

Salamu za Pasaka. Mvua imeanza kwa fujo, barabara ya kwenda Karatina imekuwa matope matupu na akina mama wa soko wanabeba viatu mkononi. Tumepanda maharagwe. Ndama dume tumemuuza.

Dawa nampa. Chakula nimesoma ulivyoandika.

Mwai aliniuliza kuhusu Nairobi. Nimemwambia tungoje mvua iishe.

Kuhusu jina ulilodai umelisikia, sijui ulisikia nini. Mashine zenu zina kelele.

Tata yako,
Waithira


Nanyuki,
12 Mei 2024

Kwa Tata,

Natumaini mafuriko hayajagusa ile sehemu ya chini ya shamba. Huku daraja la kwetu lilifungwa siku kadhaa na wagonjwa walikuja wachache. Nimehamia nyumba nyingine, ndogo, lakini iko na maji. Kuna jirani, mama mmoja anaitwa Luul, anauza mbuzi sokoni, ananiletea maziwa na kuniuliza nitaolewa lini. Mnge­elewana nyinyi wawili.

Tata, Tabby alinipigia simu. Mwalimu amemwambia siku za Jumatatu Wakiuru hawezi kushika penseli. Jumanne hivi hivi. Jumatano anarudi kuwa mtoto, Alhamisi anaongoza darasa kwa hesabu. Ilikuwa hivyo hadi muhula wa kwanza unafungwa. Na kipimo cha damu alichofanyiwa Nyeri wiki iliyopita kimerudi vile vile, juu, kama mtu ambaye hajawahi kuonja dawa.

Jumatatu, Tata. Yeye hula nini Jumapili?

Nimeuliza kwa heshima. Wewe ndiye uliyemlea Mjomba Mwai mama yenu alipokufa, na Mjomba hawezi kukupinga hata katika mambo ya mtoto wake. Nairobi wametupa nafasi mwezi wa saba. Ameniambia waziwazi, "Dada akikubali, nimekubali." Kwa hiyo maisha ya huyu mtoto yako mkononi mwako, si mwangu wala si mwa baba yake.

Na hukunijibu kuhusu Gatune. Nimekuwa nikilisikia jina hilo kichwani nikizima taa kumpima mtu yeyote. Kuna wakati naangalia mlango kabla ya kuanza kazi. Mimi, mtu mzima.

Kagure


Ragati,
26 Mei 2024

Kwa Kagure,

Umenisalimia vizuri, nami nakusalimu. Msalimie huyo Luul na umwambie swali lake ni zuri.

Gatune ni mimi.

Nilizaliwa mwekundu kuliko wenzangu, na mama akanipa jina hilo la kudekeza. Si kila siku. Nilikwambia alikuwa mkali. Siku za kawaida nilikuwa Waithira lete maji, Waithira umechelewa. Lakini baada ya sherehe, alipokaa mlangoni na mikono ikimtetemeka, alikuwa akiniita nikae karibu. Ananipapasa shavu. Anasema Gatune, Gatune wangu, ulikuwa wapi. Ndugu zangu walikuwa wanamwogopa akiwa vile. Mimi nilikuwa namngojea. Ninyi mnaojua kila kitu semeni ni sumu. Kwangu mimi huo ndio upendo pekee nilioupata kwake.

Kaka yetu mkubwa alipotahiriwa palichinjwa fahali. Mama alikula kama watu wengine. Jioni akaketi mlangoni, akaniita, akanipapasa, akalala. Walimwombea, wakamfukizia majani, wakamwita jina. Hakuamka. Mwai alikuwa bado ananyonya.

Tangu siku hiyo hakuna mtu amewahi kuniita Gatune. Mama yako alikuwa mdogo, hakulijua. Mwai halijui. Mume wangu hakulijua mpaka namzika. Halafu huyu mtoto, akiwa na miaka minne, siku moja ameketi pale pale mlangoni, akanigusa shavu akalisema. Masikio yangu yalikufa zamani, lakini midomo naisoma kuliko wewe unavyosoma picha zako. Sikukosea. Huja mara kwa mara na kuniita.

Sasa niambie ni mshipa gani umemfundisha jina langu.

Waithira


Nanyuki,
10 Juni 2024

Tata,

Sitaanza na habari za nyumbani. Utanisamehe.

Nilikuja jana. Nilipanda lori la Theuri hadi barabarani, nikashuka kwa miguu katikati ya mashamba ya chai, ukungu ulikuwa umeshuka hadi sikuona paa lako mpaka nilipolifikia. Niligonga. Wewe husikii, najua. Lakini mtoto anasikia, na hakuja. Nikazunguka kwa dirisha.

Harufu ilinifikia kabla ya kuona. Kulikuwa na sahani mezani na mifupa imeachwa mitupu. Wewe ulikuwa umekaa kwa kile kigoda, chini yake, na Wakiuru amekaa kwa kiti chako. Macho yake yalikuwa yanaangalia ukuta. Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya shavu lako, na midomo inasema kitu. Tata, nimekujua maisha yangu yote. Kwa mazishi, kwa harusi, siku uliyostaafu. Sijawahi kuona uso wako ukiwa na furaha ya namna hiyo. Ulikuwa mtoto.

Ningeingia. Mlango haukuwa na komeo. Nilisimama pale, nikaogopa. Si kukuogopa wewe. Niliogopa kwamba nikiingia yule aliye kwa kiti atageuka na atanijua. Nikarudi barabarani. Nimekasirika na wewe na nimekasirika na mimi mwenyewe.

Sijui ni nani alimfundisha jina lako. Lakini najua kinachotokea ndani ya tumbo lake, kwa sababu nimekiona, na kinaendelea kutokea hata kama anayekuja ni bibi yangu kweli. Kila anapokuja kukuona, mtoto anazidi kuungua. Bibi alikula fahali na akalala. Hukumbuki hiyo sehemu? Uliniandikia mwenyewe.

Jibu lako nitalingoja. Usininyamazie.

Kagure


Nyeri, hospitalini,
18 Juni 2024

Kagure,

Ninaandika nikiwa kando ya kitanda. Mwai ameenda kukuchukua stendi. Ukifika utanikuta hapa, lakini sitakuwa na la kusema kwa mdomo, kwa hiyo nitakupa karatasi hii mkononi. Usiisome mbele yangu.

Barua yako niliisoma nikaitupa jikoni. Nilikuchukia kwa sababu ya lile dirisha.

Jana asubuhi nilienda kumwamsha aende shule. Nikamwita mama. Nikamtikisa. Nikamvuta sikio, nikamnyunyizia maji usoni. Alikuwa anapumua, mdomo wazi, na ile harufu. Kagure, nilikuwa nimeisahau ile harufu ya pumzi ya mama tangu nikiwa msichana. Nilifikiri nimekumbuka kila kitu chake na kumbe hiyo niliiacha. Nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe hadi barabarani, na hii miguu, nikasimama katikati ya njia hadi gari likasimama.

Madaktari wamesema atazinduka. Wamenionyesha anavyokunja kidole wakimfinya. Mama yangu hakuna aliyemfinya.

Sitajibu ulichoniuliza kuhusu Jumapili. Usiniulize tena.

Mwambie Mwai nimekubali. Mchukue. Mkamzibe.

W.


Nairobi,
18 Agosti 2024

Kwa Tata yangu,

Nakusalimu kutoka Nairobi, ambako kila mtu anakimbia na chai ni maji. Tabby analala hospitalini, mimi nalala kwa rafiki yangu wa chuo. Mjomba amerudi Wang'uru kwa sababu ya mavuno. Natumaini jirani anakukamulia ng'ombe, na kwamba umeanza kula. Mjomba aliniambia huli.

Kazi imeisha. Kwanza waliuziba kwa puto kwa muda, waone kama ile mishipa myembamba ya ini itaweza kubeba damu au itapasuka. Iliweza. Wakauziba kabisa. Waliniruhusu nisimame karibu na mashine wiki iliyofuata. Pale palipokuwa na njia pana hakuna kitu, ni giza. Na zile nyuzi nilizozitafuta kwa shida Nanyuki zimejaa rangi, zinaenda kila upande ndani ya ini. Nililia mbele ya watu wasionijua. Sumu kwenye damu yake imeshuka hadi kiasi cha mtoto yeyote. Daktari amesema kidogo kidogo ataanza kula kila kitu, hata nyama.

Tata, kuna jambo nimelikalia. Nimelianza mara nyingi nikachana karatasi. Lakini uliniuliza swali ukitaka nijibu, na sasa niko na jibu, na sidhani ni haki nibaki nalo peke yangu.

Nilimuuliza Wakiuru ni nani alimfundisha Gatune. Alikuwa amekaa kitandani anachora, macho makavu, hana usingizi wowote. Akanijibu kama mtu ameulizwa saa ngapi. Alisema, "Ni Cucu. Akilala huwa anaita. Anasema Gatune, Gatune wangu, ulikuwa wapi. Halafu analia."

Cucu ni wewe, bibi aliyemlea, na mmelala chumba kimoja tangu akiwa mdogo. Wewe hujisikii. Yeye anasikia.

Alisema alipojaribu kukuita hivyo mara ya kwanza ulifurahi, basi akaendelea. Siku nyingine alikuwa na usingizi mwingi na hajui alichosema. Siku nyingine alijua kabisa. Na ile siku ya kipimo hakutaka mimi nikwambie kwamba ni mgonjwa, kwa sababu ungelia. Ndiyo hayo tu.

Nisamehe kama ilikuwa bora nikuachie mama yako.

Wako daima,
Kagure


Ragati,
20 Oktoba 2024

Kwa Kagure,

Barua yako nimekaa nayo tangu Septemba. Theuri amepita hapa mara kadhaa akiuliza kama kuna jibu nikamfukuza. Tumevuna viazi, vimeoza nusu. Ng'ombe ana mimba tena. Padri amenunua kipaza sauti. Miguu iko vile vile.

Nilikasirika, halafu nikalia. Nilifikiri amekuwa akinijia miaka yote hii kumbe ni mimi ninayemwita, na kujijibu kwa sauti yake. Mtu wa umri wangu. Usiku wa kwanza baada ya kuisoma niliogopa kufunga macho, nisije nikaita tena mtoto akasikia. Sasa nimemhamishia kitanda chake chumba kile kingine. Haogopi.

Jumapili iliyopita nilinunua nyama Karatina. Usishtuke. Daktari ameruhusu, na Tabby alisimama pale akaniona nikikata vipande vidogo. Akarudi zake Wang'uru na gari la mchana, nikabaki na mtoto. Nikapika nilivyokuwa nikipika. Akala yote, akaomba mchuzi. Nami nikakaa kwa kile kigoda mbele yake nikangoja. Sikujidanganya kwamba ninamchunga. Nilijua ninamngoja nani.

Aliongea habari za kamba ya kuruka mpaka chakula kikaisha. Jumatatu nikangoja tena. Alifunga sweta lake vifungo vyote, akaninyooshea mikono mwenyewe ulivyomfundisha, viganja juu, na havikusogea. Akaenda shule. Hakuja mtu.

Jioni alirudi akanikuta mlangoni. Nadhani uso wangu ulikuwa mbaya. Alizunguka akasimama upande wa mwanga ili nimwone midomo, jinsi anavyofanya akiwa na jambo. Akasema, "Cucu, unataka nikuite lile jina?"

Nilimtazama macho. Yalikuwa ya mtoto wa Mwai, hakuna mtu mwingine mle ndani. Angeniita, Kagure, na angenipapasa shavu pia, na angefanya vizuri kwa sababu ana huruma. Nilitaka.

Nikamwambia, "Hapana, Wakiuru. Nenda ukacheze."

Akaenda.

Tata yako,
Waithira